Anayeingia Ukatoliki Anatoka Wapi?

Tangu tarehe 1 Novemba 2025, siku Papa Leo XIV alipomtangaza John Henry Newman, Mwanglikana wa Uingereza aliyegeuka Mkatoliki, kuwa Mwalimu wa Kanisa, makundi ya WhatsApp ya parokia zetu hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, hayajapumzika. Kila Jumapili linadondoka jina jipya: pasta wa Marekani aliyegeuka Mkatoliki, kijana wa Kiyahudi aliyekuja kuwa kardinali wa Paris, mtoto wa mkomunisti aliyeingia kanisani haamini kitu akatoka anaamini. Juu ya majina hayo imepandishwa hesabu ya Ufaransa. Pasaka ya mwaka 2025, watu wazima 10,384 walibatizwa katika Kanisa Katoliki la nchi ile, idadi ambayo maaskofu wao hawakuwahi kuiona tangu waanze kuwahesabu. Chini ya ujumbe huo vinafuata vidole gumba na maneno yaleyale: "Waprotestanti wanarudi nyumbani." Ndugu zetu wa makanisa ya Kipentekoste ya CEPAC na CELPA, na wale wa makanisa ya uamsho yaliyoota kila mtaa kuanzia Kadutu mpaka Panzi, nao hawakukaa kimya. Wanayo orodha yao ya Wakatoliki waliookoka, na ukweli usemwe, hapa mjini orodha yao si fupi.

Mimi ni Mkatoliki, mtoto wa Mkatoliki, sina haja ya kujifanya refa asiye na timu. Lakini hesabu ile tunaisoma vibaya, na majina yale tunayasoma vibaya zaidi. Neno "mwongofu" tumelitundika shingoni mwa watu ambao safari zao hazifanani hata kidogo. Kanisa lenyewe, kwa sheria zake, haliwapitishi mlango mmoja. Na kile mtu alichokuwa kabla ya kuja hakifutwi na maji wala na muhuri wa paroko. Anaingia nacho ndani, na mara nyingi ndicho kinachomfanya awe Mkatoliki wa namna yake. Tukianza kuuliza kila mmoja ametoka wapi, sehemu kubwa ya majivuno yetu itayeyuka, na kazi tuliyoiacha bila kufanywa parokiani itaonekana.

Kiswahili chenyewe kilishatudokeza jambo hili. Anayeingia Uislamu anasilimu. Neno lipo, ni moja, halina mjadala. Anayehamia kwa Wapentekoste anaokoka, hata kama jana alikuwa kiongozi wa shirika parokiani na rozari mkononi. Anayeingia Ukatoliki hana kitenzi chake. Tunasema amegeuka, amepokelewa, amebatizwa, amekuwa Mkatoliki. Wazee wa Bushi, nchi ya Bashi inayozunguka Bukavu, husema tu kwamba fulani "alisoma dini", maana zamani zao kuingia kanisani ilikuwa kukaa mbele ya mwalimu wa katekisimu mwaka hadi mwaka. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika tuliowazoea kwa jina la Mapadri Weupe, aliagiza mtu asibatizwe kabla ya kumaliza miaka 4 ya maandalizi. Miaka 4 ya kusoma, basi kitenzi kikawa kusoma. Nadhani lugha iliona mapema tusichotaka kukiona sisi, kwamba hakuna tendo moja linaloitwa kuwa Mkatoliki.

Tuanze na sheria, kwa kuwa ndiyo inayosahaulika kwanza. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba ubatizo hutolewa mara moja maishani. Kwa hiyo mtu aliyebatizwa CEPAC, CBCA ya Wabaptisti, kwa Waanglikana au kwa Wametodisti, kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, tayari ni Mkristo, na kanuni ya 869 inakataza kumbatiza upya, isipokuwa pakiwa na shaka nzito juu ya ubatizo ule. Huyo hukiri imani ya Kikatoliki, hupewa kipaimara, hukaribishwa mezani. Hata kumwita mkatekumeni, yaani mtu anayeandaliwa kubatizwa, si sahihi. Mwislamu au mtu wa dini ya mababu, ambaye hajawahi kubatizwa, ndiye anayepita njia ndefu ya ukatekumeni mpaka mkesha wa Pasaka. Tena kama ni mwanamume mwenye wake kadhaa, kanuni ya 1148 inamtaka abaki na mmoja, na ndiyo sababu wanaume wengi huishia kwenye benchi la nyuma mpaka uzeeni. Halafu wako wa katikati, na hapa Kongo ni wengi. Mkimbangu, mfuasi wa nabii Simon Kimbangu wa Kongo, hakupitishwa majini, kwao ubatizo ni kuwekewa mikono, akija, anabatizwa. Mfuasi wa mhubiri Mmarekani William Branham, wale tunaowaita watu wa Message, alizamishwa mzima mzima, lakini kwa jina la Yesu peke yake, naye anabatizwa. Shahidi wa Yehova vilevile. Ukidhani huo ni ugomvi wa wanasheria wasio na kazi, kumbuka Agosti 2020 Roma ilitangaza kuwa ubatizo ambamo mhudumu amesema "tunakubatiza" badala ya "ninakubatiza" ni batili. Kiambishi kimoja, mtu si Mkristo.

Parokiani mambo haya huchanganywa kila mwaka. Mama yangu mdogo alikulia CELPA, upande wa Kaziba, na alizamishwa mtoni akiwa msichana wa miaka 15, mbele ya kanisa zima lililokuwa likiimba ukingoni. Alipoolewa na Mkatoliki, parokia moja ya hapa mjini ilimpanga kwenye mstari wa wakatekumeni, na usiku wa Pasaka akamwagiwa maji kichwani bila mtu kumwuliza chochote. Walipofika nyumbani alimgeukia mume wake: "Kwa hiyo kule mtoni nilienda kuoga?" Ni miaka zaidi ya 20 sasa, na baba mdogo bado anatafuta jibu.

Sasa turudi kwenye ile 10,384 ya Ufaransa tukiwa na sheria hiyo mkononi. Ni hesabu ya waliobatizwa. Mprotestanti wa Ufaransa aliyebatizwa utotoni katika kanisa lake, akaamua kuwa Mkatoliki, hamo ndani ya hesabu hiyo. Yeye hupokelewa, habatizwi, na huandikwa kwenye daftari jingine. Maana yake, namba ile tunayoipeperusha ili kuwaonyesha Waprotestanti kwamba wenzao wanahama, haina karibu Mprotestanti yeyote aliyebatizwa. Haina pia Mkatoliki aliyebatizwa mtoto, akapotea miaka 30, akarudi. Huyo anahitaji kitubio tu, na hakuna anayepeleka takwimu za vitubio Paris. Waliomo ni watu ambao hawajawahi kubatizwa popote. Wengi ni vijana, asilimia 42 wana umri wa kati ya miaka 18 na 25, na wengi ni wajukuu wa Wakatoliki: bibi alikwenda misa, mama aliacha kwenda, mtoto hakupelekwa kubatizwa, na sasa mtoto huyo amegonga mlango mwenyewe. Wengine wametoka nyumba zisizo na dini kabisa, na sehemu ndogo ni watoto wa Waislamu. Habari ya Ufaransa ni habari ya nchi iliyoacha kubatiza watoto wake na sasa inawabatiza wakubwa. Inagusa moyo, sikatai. Lakini anayeitumia kumchokoza jirani yake wa CEPAC hajui amebeba nini.

Hapa kwetu mkesha wa Pasaka una sura nyingine, na kwa macho yangu sura hiyo inavutia zaidi. Wanaosogea kwenye kisima cha ubatizo ni wanafunzi waliosoma shule za Kikatoliki wakaizoea kapela kuliko nyumbani. Ni wachumba wa Wakatoliki. Na ni watoto wa Wapentekoste ambao hawajafikia kuzamishwa, kwa sababu wazazi wao hawabatizi watoto wachanga. Jambo hili la mwisho hatulitafakari vya kutosha: kijana wa miaka 17, mtoto wa shemasi wa CEPAC, anayejua Warumi 8 kwa kichwa na ameimba kwaya tangu ana miaka 6, mbele ya sheria ya Kanisa ni mtu asiyebatizwa, yuko mstari mmoja na yule ambaye hajawahi kushika Biblia. Sheria ina haki yake. Lakini katekista anayewafundisha wawili hao somo moja la "Mungu ni nani" kwa miezi 6 anampotezea wakati mmoja wao, na tena anamtukana bila kujua.

Majina makubwa, ukiyasoma polepole, yanasema jambo hilohilo. Newman hakuwa mtu aliyeamka asubuhi akachoka na Kanisa la Uingereza. Alikuwa padri wa Kianglikana, mhubiri wa Oxford, na aliifikia Roma kwa kuwasoma Mababa wa Kanisa wa karne ya 4 akiwa angali Mwanglikana, akitafuta kulitetea kanisa lake mwenyewe. Mtu aliyempokea tarehe 9 Oktoba 1845, Padri Dominic Barberi, alikuta kazi kubwa imeshafanyika. Uanglikana ndio uliompa Newman vitabu, lugha na nidhamu ya akili, na ndiyo maana hata leo Waanglikana wa Uingereza wanamkumbuka katika kalenda yao, tarehe 11 Agosti. Roma yenyewe ilikubali somo hilo mwaka 2009, Papa Benedikto XVI alipowafungulia Waanglikana njia ya kuingia kwa makundi wakiwa na sehemu ya liturujia yao mkononi. Scott Hahn, yule Mmarekani anayezunguka sana kwenye simu zetu, alikuwa mchungaji wa Kipresbiteri kabla ya kupokelewa Pasaka ya mwaka 1986, na kinachowafanya Wakatoliki wamsikilize ni ule ustadi wa Maandiko aliokuja nao kutoka upande wa pili. Tunampigia makofi kwa alichojifunza kwa wale tunaowacheka.

Kwa Wayahudi jambo hili linafika kwenye mfupa. Jean-Marie Lustiger alizaliwa Paris akiitwa Aron, akabatizwa Orléans mwaka 1940 akiwa na miaka 13, vita imepamba moto. Mama yake alikufa Auschwitz. Alipokuwa askofu mkuu wa Paris na kisha kardinali, aliwaudhi watu wa pande zote mbili kwa kushikilia kwamba amebaki Myahudi kama Mitume walivyobaki. Aliacha maneno hayo yaandikwe kwenye kibao cha ukumbusho wake katika kanisa la Notre-Dame, na siku ya mazishi yake, Agosti 2007, sala ya Kiyahudi ya wafu, Kadishi, ilisomwa nje ya mlango kabla jeneza halijaingia. Edith Stein, aliyeacha kusali akiwa msichana kisha akabatizwa tarehe 1 Januari 1922, aliendelea kumsindikiza mama yake sinagogi alipokwenda kumtembelea. Wanazi walipomuua Auschwitz tarehe 9 Agosti 1942, vazi lake la utawa halikuwa na maana yoyote kwao. Walimuua kwa alikotoka.

Afrika nayo ina orodha yake, ambayo sielewi kwa nini haizunguki kwenye makundi yetu. Josephine Bakhita, mtoto wa Darfur aliyetekwa na wafanyabiashara ya watumwa, alibatizwa Venezia mwaka 1890. Alipokuwa mtawa alisimulia kwamba tangu utotoni, kabla hajasikia jina la Kristo, alikuwa akitazama jua, mwezi na nyota na kujiuliza bwana wa vitu hivi ni nani. Kardinali Francis Arinze wa Nijeria alizaliwa katika nyumba ya dini ya jadi ya Waigbo na kubatizwa siku alipotimiza miaka 9. Laurean Rugambwa wa Bukoba, kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati zetu, alibatizwa akiwa mtoto mkubwa pamoja na wazazi wake. Matiya Mulumba, mmoja wa wafiadini wa Uganda, alipita Uislamu, akasoma kwa Waanglikana, ndipo akaja kwa mapadri na kubatizwa mwaka 1882. Ukitaka kujua dini zote za Buganda ya wakati ule, zilikuwa ndani ya mtu mmoja. Na yuko Benedict Daswa wa Afrika Kusini, wa kabila la Walemba, aliyegeuka Mkatoliki akiwa kijana na kuuawa tarehe 2 Februari 1990 kwa sababu alikataa kutoa randi 5 za kumlipa mganga wa kufichua wachawi. Mtu wa Bukavu, ambako bado kuna wachungaji wanaonyooshea vidole bibi za watu, angepaswa kulijua jina la Daswa kabla ya jina la Hahn.

Hapo ndipo tunafika kwetu. Nyuma ya karibu kila Mkatoliki wa Bushi, ukirudi vizazi viwili au vitatu, kuna dini moja, ile ya Nyamuzinda aliye juu ya vyote na Lyangombe, shujaa aliyeuawa na nyati akawa mzimu mkuu wa kuombewa na kutolewa tambiko. Mapadri Weupe walipoanza kazi Bushi mwaka 1906 walimwona Lyangombe kama shetani mwenyewe, na aliyetaka ubatizo alipaswa kumkana hadharani. Tulizoea kusimulia kwamba mababu zetu walitoka gizani mikono mitupu. Padri Vincent Mulago, mtoto wa nchi hii, hakukubali. Katika miaka ya 1950 aliandika juu ya umoja wa uhai unaowafunga walio hai na wafu kwa Bashi, Banyarwanda na Barundi, akaonyesha kwamba watu hawa walipofundishwa juu ya ushirika wa watakatifu hawakuwa wanajifunza alfabeti. Walikuwa wanasoma kwa hati nyingine. Mwaka 1988 Roma iliidhinisha misa ya Zaire, jina la Kongo la wakati ule, ambayo kabla ya yote inawaita watakatifu na pamoja nao mababu wenye moyo mnyoofu. Yaani dini ambayo babu alilazimishwa kuikana ili aingie, mjukuu anaikuta sehemu yake mbele ya altare.

Na Uislamu? Wakatoliki wangapi wa Kivu na Maniema wanaitwa Ramazani, Amisi, Shabani, Salumu? Majina hayo yalifika na misafara ya waungwana kutoka pwani, yakabaki katika nyumba zilizobatizwa baadaye. Baba wa Mwenyeheri Anuarite, mtawa mfiadini wa Kongo, aliitwa Amisi. Hata sala tunazosali zilisilimu kabla ya kubatizwa: dini, imani, dhambi, toba, sadaka, malaika, neno "sala" lenyewe, vyote vilikuja kwa Kiarabu, na mapadri walivikuta tayari midomoni mwa watu. Walipohitaji kilichokuwa chao peke yao ndipo wakaleta sakramenti, altare na ekaristi.

Kuna wanaosema maswali yote haya ni ya kujifurahisha, kwa kuwa watu wa Kongo waliingia Ukatoliki kwa tumbo na kwa shule. Hoja hii ina nguvu kuliko tunavyopenda kukiri. Mkataba wa tarehe 26 Mei 1906 kati ya Roma na serikali ya Mfalme Leopold uliwapa wamisionari Wakatoliki ardhi, hekta 100 hadi 200 kwa kila misheni, nao wakaahidi kufungua shule. Shule za Waprotestanti zilianza kupata ruzuku ya serikali ya kikoloni baada tu ya Vita vya Pili vya Dunia. Katika miaka hiyo yote, mtoto aliyetaka kuwa karani alijua mlango uko wapi. Kabla ya hapo, kwenye ufuo wa Tanganyika, huko Mpala na Kibanga, Wakristo wa kwanza walikuwa kwa sehemu kubwa watoto waliokombolewa kwa bei kutoka kwa wauza watumwa. Hakuna aliyewauliza dini waliyoipenda. Mwenye kusema kwamba uhuru wa kuchagua ulikuwa mdogo anasema kweli. Lakini hoja inalegea pale inapodhani kwamba sababu iliyomleta mtu mlangoni ndiyo inayomweka ndani. Kwenye ufuo uleule, ulioanza na watoto wa kununuliwa, alitoka Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo, aliyepewa daraja tarehe 21 Julai 1917. Isidore Bakanja alikuwa kibarua kijana alipobatizwa Mei 1906. Miaka 3 baadaye alikufa kwa vidonda vya viboko vya mzungu wa kampuni kwa kuwa alikataa kuvua skapulari, kile kitambaa cha Bikira Maria kinachovaliwa shingoni. Mtu wa tumbo angeivua.

Hoja dhaifu zaidi ya upande wa pili ni ile inayosema kwamba aliyesoma Biblia hawezi kwenda Roma, anayekwenda ni mjinga wa Maandiko. Newman na Hahn wanatosha kuifunga, na sioni haja ya kuiongezea maneno. Dhaifu zaidi ya upande wetu ni hiyo ya "wanarudi nyumbani". Nyumbani kwa nani? Myahudi wa Paris hakuwahi kukaa Roma. Mshi wa Ngweshe hakuwahi. Wanaorudi nyumbani kweli, kwa maana kamili ya neno, ni wale Wakatoliki wetu wenyewe waliokwenda kwenye vyumba vya maombi mtoto alipougua au biashara ilipokufa, wakakaa miaka 5 au 10, kisha wakaonekana tena pale nyuma karibu na mlango. Ni wengi, na hakuna anayewatungia ujumbe wa WhatsApp. Tena wamerudi na kitu. Wamezoea kuomba kwa sauti, kufungua Biblia bila kusubiri padri, kutoa sehemu ya kumi bila kusukumwa. Parokia nyingi huwatazama kama wagonjwa waliopona. Zingefanya vizuri kuwapa usomaji na shirika la kuongoza.

Kinachofuata kutoka kwa haya yote kinaanzia kwenye meza ya ofisi ya parokia. Yule mama wa CEPAC anayeolewa na Mkatoliki kwanza aulizwe ulibatizwa wapi, kwa maji gani, kwa maneno gani, na jibu lake liheshimiwe. Tena aambiwe wazi kwamba hata asipohama, ndoa yaweza kufungwa kwa ruhusa ya askofu, mradi upande wa Kikatoliki uahidi kufanya kadiri ya uwezo wake watoto wabatizwe katika Ukatoliki. Wanawake wangapi walihama kwa sababu tu hakuna aliyewaambia kwamba hawakulazimika? Huyo hatumhesabu kama ushindi. Mwislamu anayekuja, na wanakuja wachache, asipandishwe jukwaani kutoa ushuhuda wala picha yake isirushwe kwenye simu. Katika mji huu ambamo familia moja inakula sahani moja Idi na Krismasi, picha hiyo inamkatia mtu undugu kwa siku moja. Mfano wa Magdi Allam unatosha. Mwandishi huyo, mzaliwa wa Misri, alibatizwa na Papa mwenyewe mkesha wa Pasaka wa mwaka 2008, kamera za dunia zikiwa zimewashwa. Machi 2013 alitangaza kwamba anaondoka, akilalamika kuwa Kanisa ni laini mno kwa Uislamu. Alikuwa amekuja akikimbia kitu, na sherehe ile kubwa haikumpa mtu yeyote nafasi ya kumwuliza.

Fomu zetu nyingi zina mstari mmoja tu wa swali hilo, "dini ya zamani", na anayejaza huandika neno moja haraka haraka akiwa anasikiliza kitu kingine. Zilianza hivyo tangu zamani. Kwenye cheti cha ubatizo cha babu yangu, mahali pa dini ya wazazi, padri aliandika kwa Kilatini, kwa mwandiko mzuri ulioinama kulia: pagani. Baba wa babu alikuwa mtu wa Lyangombe, na kila asubuhi kabla ya kushika jembe alitaja jina la Nyamuzinda. Mwanawe alipelekwa kusoma katekisimu kwa Mashi, lugha yetu. Akaambiwa aache yote ya nyumbani, akafundishwa jina la Mungu wa kweli, na jina lenyewe lilikuwa Nyamuzinda.